Kwani Wewe Ndiye Uliyenikata?

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita. Kampuni moja ya mabasi, sitaitaja, ilikuwa imepata ajali, na kijana wa ofisini kwao akanitumia barua ya Kiingereza niigeuze Kiswahili wapelekewe abiria waliojeruhiwa. Kazi ya nusu saa, nikajisemea. Nikabandika maji ya chai jikoni, nikafungua kompyuta. Mstari wa kwanza: "We are sorry for what happened." Maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaanza kunuka, na mimi bado nipo kwenye neno la tatu.

Shida ni kwamba kwetu hapo hakuna neno moja. Yapo mawili, na hayakai chumba kimoja. Naweza kuandika "tunawapa pole kwa yaliyotokea". Naweza kuandika "tunawaomba radhi kwa yaliyotokea". La kwanza linasema mmeumia na sisi tumeguswa. La pili linasema tumewaumiza. Katikati ya hayo mawili kuna dereva, breki, mwendo kasi, trafiki na bima. Kiingereza kimeyafunika yote kwa herufi tano, na aliyeiandika ile barua, naamini kabisa, alijua anafunika nini.

Na mimi neno hili nina kesi nalo ya zamani.

Niliwahi kukaa Leeds mwaka mmoja kwa masomo, kwenye nyumba ya wanafunzi yenye jiko la pamoja. Jioni moja mwenzetu mmoja, kijana wa Glasgow, alikuwa anakatakata vitunguu kwa kisu changu. Kisu kikateleza, kikamla kidole gumba. Damu ikatapakaa kwenye vitunguu. Nikaruka kutoka kwenye kiti: "Sorry! Sorry, sorry!" Huku navuta droo natafuta kitambaa. Akanitazama, kidole kiko mdomoni, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: kwani wewe ndiye uliyenikata?

Sikuwa na jibu. (Kisu nilikinoa mimi, asubuhi ileile, kwenye kitako cha kikombe kama mama anavyofanya. Hilo sikumwambia.) Nilijaribu kueleza kwamba kwetu ukiona mtu kaumia unasema hivyo, akatikisa kichwa kwa adabu, na kwa miaka mingi baadaye niliamini kwamba siku ile nilikosea Kiingereza. Shuleni tulikaririshwa: sorry ni samahani. Limeandikwa ubaoni, limeingia daftarini, limekwisha. Kumbe kila siku tulikuwa tunaitumia kama pole, na hakuna mwalimu aliyetusahihisha kwa sababu na wao walikuwa wanaitumia vilevile. Mwalimu akidondosha chaki, darasa zima: "Sorry, teacher!"

Siku ile ya barua ya basi, badala ya kutafsiri nikaanza kuchimba asili ya neno. Ni tabia mbaya kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa.

"Sorry" limetokana na neno la Kiingereza cha kale, sārig. Nasema cha kale kweli, kile cha kabla ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, ambacho Mwingereza wa leo akisomewa haelewi kitu mpaka akisomee shule. Neno hilo lina vipande viwili. Sār ni maumivu, kidonda. Ndilo "sore" ya leo, ile ya koo linalouma. Na -ig ni kile kimkia ambacho siku hizi kinaandikwa -y, kama kwenye "hungry" na "angry", mwenye njaa na mwenye hasira. Basi sārig ni mwenye maumivu, mtu ambaye moyo wake una kidonda. Ukilipekua neno lote hukuti kosa ndani yake, wala mkosaji, wala aliyekosewa. Unamkuta mtu mmoja tu, anaumia.

Hapo pana mtego ambao hata Waingereza wenyewe hunaswa nao. Wengi hudhani sorry ni mtoto wa "sorrow", huzuni. Sura zinafanana, maana zinakaribiana, mtu atakataaje? Lakini si ndugu. Sorrow ina ukoo wake, inatoka kwenye sorg, na ndugu yake wa damu ni Sorge ya Kijerumani, yaani wasiwasi, mashaka ya moyo. Haya ni maneno mawili yaliyopanga nyumba za kupakana kwa mamia ya miaka mpaka yakaanza kufanana, kama wale wazee mume na mke. Irabu ya sārig ilipoacha kuwa "a" ikawa "o", inaelekea jirani alichangia kuivuta.

Ndugu wa kweli wa sorry wametawanyika, na wengine wana maisha ya ajabu. Kijerumani kina sehr, "sana". Mjerumani akikusifia chakula chako kwa kusema sehr gut, kihistoria amesema ni kizuri kwa kuuma. Msicheke, na sisi tunasema pilau tamu balaa. Kiingereza chenyewe kiliwahi kupita njia hiyohiyo: katika ile Biblia yao ya mwaka 1611, wachungaji wa Luka sura ya pili wanapotokewa na malaika, wanakuwa "sore afraid". Yetu inasema waliingiwa na hofu kuu. Halafu kuna Kifini, lugha isiyo na undugu wowote na Kiingereza, ambacho zamani sana kiliazima neno hilo kutoka kwa majirani zake Wagermani wa kale. Kwa Kifini mgonjwa ni sairas, hospitali ni sairaala. Mtu wa Helsinki akipelekwa hospitali, anapelekwa kwa binamu yake sorry.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeshasahau kabisa habari ya basi.

Sasa maumivu yaligeukaje kuwa kosa? Kwa hatua, na hatua ya kwanza haikuwa kosa hata kidogo. Kufikia karne ya 13 neno lilikuwa limeshateleza kutoka kwa mwenye huzuni kwenda kwa kitu kinachotia huzuni, kitu duni, hafifu, cha kusikitisha. Shakespeare anamwonyesha Macbeth ametoka kumuua mfalme aliyekuwa mgeni wake, anaitazama mikono yake yenye damu na kusema ni "a sorry sight". Hapo hamwombi mtu msamaha. Anasema mikono hii haitazamiki. Wakati huohuo watu waliendelea kusema "I am sorry" kwa maana ya nimehuzunika: kwa msiba wako, kwa habari hizi, na pia kwa nililokutenda. Kukiri kosa kulikuwa abiria mmoja tu ndani ya gari lililojaa. Ni kwenye karne ya 19 ndipo watu walipolikata mkia na kichwa, wakaanza kusema "sorry" peke yake, haraka, kwa kupishana mlangoni. Na neno likiwa fupi hivyo, linalohitajika zaidi mlangoni ni lile la kuomba radhi. Yule abiria mmoja akashika usukani.

Siku hizi neno hilo humtoka Mwingereza bila kufikiri. Mwanaanthropolojia wao, Kate Fox, aliwahi kuzunguka mitaani akiwagonga watu makusudi ili aone watasemaje, na wengi wa Waingereza aliowagonga wakamwomba radhi yeye. Na asiposikia ulichosema atakuambia "sorry?" kwa sauti ya kupanda, pale ambapo shangazi zangu wangesema "ati?". Lakini nenda kwao kwenye mazishi usikilize. "I'm so sorry for your loss." Hakuna anayemjibu, kwani wewe ndiye uliyemuua? Pale msibani neno limebaki na umri wake wote.

Kwa hiyo mimi siku ile jikoni Leeds sikukosea. Nilisema Kiingereza cha kale mno kwa kijana wa watu. Na sikuwa peke yangu. Kenya, Uganda, Nigeria, Ghana, mtu akijikwaa utasikia "sorry" kutoka kwa watu watano wasiomjua, na wataalamu wa Kiingereza cha Afrika wameshaliandika sana jambo hilo. Kila mmoja analipa neno hilo kazi ambayo lugha ya mama yake ilishaizoea.

Ya kwetu ndiyo pole, na pole inastahili kukaliwa kitako. Kutoka mzizi huo tuna mpole, upole, polepole. Ukimpa mtu pole, hujasema lolote kuhusu nani alifanya nini. Umemtakia utulivu, kile kilichochemka kwake kishuke. Ndiyo maana jibu lake, huku kwetu, si "hamna shida". Mtu anakuambia pole na kazi, unajibu "asante, nimeshapoa". Nimeshapoa! Kama uji. Sina kamusi ya kunithibitishia undugu wa pole na poa, lakini wasemaji wameshaviozesha kwenye hilo jibu na ndoa inadumu. Wayoruba wa Nigeria wanasema pẹ̀lẹ́ kumpa mtu pole, na ukirudia, pẹ̀lẹ́pẹ̀lẹ́, ni taratibu, polepole. Wahausa wana sannu, wanaitumia kusalimia na kumpa pole mwenye shida, na sannu sannu ni polepole vilevile. Lugha tatu za mbali, na zote zimeona kwamba anayeumia anahitaji kutembea taratibu. Nilipogundua hilo nilimpigia simu dada yangu saa tano usiku. Alinijibu vibaya.

Pole yetu pia haisubiri janga. Pole na safari, pole na mvua, pole na foleni, pole na kuuguza, pole na majukumu. Mgeni akifika Dar es Salaam anadhani anahurumiwa kila hatua. Lakini mtazame mtu mzima mbele ya mtoto aliyeanguka. Kwanza "pole, pole mwanangu, pole". Halafu anaipiga sakafu kofi: "Hii ndiyo iliyokuangusha? Shika! Shika!" Mtoto ananyamaza, anaitazama sakafu ikiadhibiwa. Vitu viwili, vimetenganishwa mbele ya macho yake: pole kwa aliyeumia, kosa kwa mwenye kosa.

Pwani wana neno la msibani peke yake, makiwa, la ukoo mmoja na ukiwa na mkiwa. Anayesema makiwa anautaja upweke wa aliyefiwa. Mfaransa naye akikukanyaga mguu anasema désolé, neno ambalo kwa asili yake ya Kilatini ni aliyeachwa peke yake, mkiwa kabisa. Hiyo kwa mguu uliokanyagwa!

Upande wa kosa tulikwenda kuazima. Samahani ni ya Kiarabu, sāmiḥnī, nisamehe, na ile -ni ya mwisho ni "mimi" aliyekwisha kusahaulika, ndiyo maana wapo wanaosema "samahanini" wakiongea na wengi na hakuna anayeshtuka. Jibu lake ni "bila samahani". Radhi nayo ni Kiarabu, ni ile hali ya mtu kuridhika nawe, kwa hiyo anayeomba radhi anataka umrudie moyoni, na ndiyo maana radhi ya mzazi hailetewi mchezo. Waingereza nao walipotaka neno zito la kuombea msamaha walikwenda kwa Wagiriki wakachukua "apology", ambalo huko lilikotoka lilikuwa hotuba ya mshtakiwa akijitetea. Sokrates, mwaka 399 kabla ya Kristo, alitoa apologia yake mbele ya mahakama ya Athens, na hakuomba msamaha hata nukta. Alijitetea, akawachokoza, wakamhukumu kufa.

Nayasema haya kwa sababu ya wiki moja ya mwaka 2023 ambayo mimi kama mfasiri sijaisahau.

Jioni ya tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles alisimama kwenye dhifa ya taifa jijini Nairobi. Kabla hajaja, watetezi wa haki za binadamu wa Kenya walikuwa wamemtaka aombe msamaha waziwazi kwa yaliyotendwa wakati wa ukoloni, yale ya kambi ambamo Waingereza waliwafungia washukiwa wa Mau Mau hasa. Mfalme alisema kwamba maovu ya zamani yanaleta "the greatest sorrow and the deepest regret", na kwamba ukatili ule hauna udhuru. Watu wakapiga makofi, magazeti yakaanza kubishana: ameomba au hajaomba?

Tazama maneno yenyewe. Sorrow, yule jirani asiye ndugu, ni huzuni. Regret imetoka Kifaransa cha kale, regreter, kumlilia aliyekufa. Yote mawili ni maneno ya matanga. Na hapo mfasiri ana mtihani, kwa kuwa "regret" ukiiandika majuto umempa Mfalme kitu ambacho huenda hakukileta, maana anayejuta ni mtenda. Mimi ningeandika masikitiko. Mfalme alitoa pole, pole ya heshima kubwa, iliyoshonwa na mafundi. Kama ilivyokuwa miaka 10 kabla, tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, aliposimama bungeni London akakubali kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali inasikitika kwa dhati, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na papo hapo akasema serikali inaendelea kukana dhima. Mtu analipa, anasikitika, na bado si yeye. Abiria wa basi langu wangemwelewa haraka sana.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, mbele ya jamaa za Chifu Songea Mbano ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Vita ile ya 1905 hadi 1907 inakadiriwa iliua watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotokana na mashamba kuchomwa. Steinmeier akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu wa watu wale. Hakuna mfasiri aliyetoka jasho siku hiyo. Sentensi ilikuwa inajulikana ni ya chumba kipi.

Siku mbili mfululizo, nchi mbili jirani, moja imepewa pole na nyingine imeombwa msamaha. Sitaki kumpamba Mjerumani, maana msamaha ule ulisubiri zaidi ya miaka 110. Nasema tu kwamba kwa Kiswahili tofauti yake haifichiki.

Waaustralia wamelipigania neno lenyewe kwa miaka. Tangu 1998 wana siku yao, 26 Mei, inaitwa kabisa National Sorry Day, kukumbuka watoto wa wenyeji wa asili walioporwa kwa wazazi wao kwa sera ya serikali. Waziri Mkuu John Howard mwaka 1999 alikubali "regret", sorry akaigomea. Mwaka 2000 maelfu kwa maelfu walivuka daraja la bandari ya Sydney kwa miguu huku ndege ikiandika "Sorry" angani kwa moshi. Ikaja kutamkwa bungeni tarehe 13 Februari 2008, na Waziri Mkuu Kevin Rudd. Kinachonigusa ni kwamba wenyeji wenyewe, katika Kiingereza chao, shughuli za msiba wanaziita "sorry business". Kwao sorry ilikuwa matanga tangu zamani. Serikali ilipokuwa inaogopa neno la kosa, wao walikuwa wanalisikia pia kama neno la kilio.

Na woga wa wanasheria si wa bure. Uingereza ilibidi itunge kifungu, kwenye sheria ya fidia ya mwaka 2006, kwamba kuomba radhi pekee hakuhesabiki kuwa umekiri. Jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2009 likatunga sheria nzima, ambayo kwa tafsiri yake kuhurumia, kusikitika na kujutia vyote vimetiwa kapu moja, uwe umekubali kosa au hukukubali. Sheria nzima, kwa sababu tu neno lao halisemi linamaanisha lipi. Angekuwa anaongea Kiswahili huyo dereva wa Toronto angeshuka kwenye gari, akasema pole ndugu yangu, na mahakama ingebaki na kazi zake nyingine.

Basi nikarudi kwenye barua. Niliandika "tunawaomba radhi". Nilikuwa nimesoma kwenye habari kwamba basi lile lilikuwa linakimbizana na jingine, na moyo ulinituma hivyo. Nikatuma. Baada ya dakika 20 kijana akanipigia.

"Dada, kazi nzuri sana. Ila hapo juu, mwanasheria anasema tuweke pole."

"Kiingereza kinasema sorry."

"Ndiyo dada. Sorry si pole?"

Nikanyamaza kidogo. Miaka yote ile, na leo naletewa hoja yangu mwenyewe na mwanasheria wa kampuni ya mabasi. Nikabadilisha: tunawapa pole. Kwa asili ya neno alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Malipo yalikuwa yaje Ijumaa. Ijumaa ikapita, na Jumatatu. Jumatano ukaingia ujumbe wa simu: "Sorry dada kwa kuchelewesha, mambo mengi." Nikakaa na simu mkononi nikiwaza nimjibu "bila samahani" au nimjibu "nimeshapoa". Sikujibu. Sufuria mpya ilikuwa shilingi 18,000.